Jinsi ya Kumpima Kwotabeki wa Chuo Kikuu Kabla Hajaingia NFL: Mwongozo Kamili

Mwezi Aprili 1998 timu ya Indianapolis Colts ilikuwa na chaguo la kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na San Diego Chargers ilikuwa na chaguo la pili. Mbele yao walikuwapo vijana wawili ambao wataalamu wengi waliwaona kuwa wanakaribiana sana: Peyton Manning wa Chuo Kikuu cha Tennessee na Ryan Leaf wa Washington State. Wapo waliompendelea Leaf kwa sababu mkono wake ulikuwa na nguvu zaidi. Colts walimchukua Manning, ambaye alikuja kuwa mmoja wa makwotabeki bora katika historia ya mchezo huo. Chargers walimchukua Leaf, na yeye alimaliza safari yake ya NFL akiwa na pasi 14 tu za tachidauni (zile zinazoufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani na kuleta pointi) dhidi ya pasi 36 zilizonaswa na wapinzani. Waliofanya uamuzi huo walikuwa na video za kila mechi, vipimo vya kila kiungo na fursa ya kuzungumza na vijana hao ana kwa ana. Taarifa walikuwa nazo tele, ila walitofautiana katika kujua ni ipi yenye uzito.

Kwa msomaji anayeanza kuufuata mchezo huu, ni vyema kueleza nafasi yenyewe kwa ufupi. Katika futiboli ya Kimarekani, timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na ikifaulu huanza kuhesabiwa upya. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio, na ndani ya sekunde mbili au tatu huamua kama atamkabidhi mkimbiaji, atamrushia mmoja wa wapokeaji, au atakimbia nao mwenyewe. Mbele yake hupangwa walinzi watano ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Katika mwongozo huu nitaliita eneo hilo wanalomlindia boma, kwa kuwa ndivyo linavyofanya kazi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na sijaona usemi unaolifaa zaidi jambo hili. Kijana anayecheza katika chuo kikubwa huwa amevaa nguo nyingi za kuazima: walinzi wenye nguvu kuliko wapinzani wao, wapokeaji wenye kasi isiyo ya kawaida, na kocha aliyebuni mfumo unaomrahisishia kila uamuzi. Siku anapoingia NFL nguo hizo hubaki chuoni. Hatua zote zinazofuata zina lengo moja, yaani kutenganisha kilicho chake na alichoazimwa.

Hatua ya 1: Amua unatabiri nini, kisha andaa karatasi yako

Neno “kufaulu” lina maana nyingi, na mabishano mengi kuhusu makwotabeki hayaishi kwa sababu kila mtu ana maana yake. Mimi hutumia kipimo kimoja kinachoweza kuthibitishwa: kwotabeki amefaulu ikiwa, baada ya mkataba wake wa kwanza, timu yoyote inamlipa ili awe mwanzaji wake, yaani kwotabeki anayeanza mechi zake. Mkataba wa kwanza wa mchezaji aliyeteuliwa ni wa miaka minne, na kwa walioteuliwa katika raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Kwa hiyo hukumu yako ina muda wa kusubiri unaojulikana, na hutalazimika kuibadilisha kila Jumapili.

Juu ya karatasi andika tarehe ya kuzaliwa ya kijana, idadi ya mechi alizoanza chuoni, vyuo alivyopitia, na idadi ya makocha waliomwongoza katika ushambuliaji. Umri una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa kijana wa miaka 24 anayewashinda vijana wa miaka 19 ameonyesha jambo dogo kuliko yule wa miaka 20 anayefanya hivyo hivyo. Brandon Weeden alikuwa na miaka 28 Cleveland Browns walipomchagua wa 22 mwaka 2012, na muda wa kukua ulikuwa umekwisha kupita.

Idadi ya mechi alizoanza ni tahadhari ya pili. Akili Smith, chaguo la tatu mwaka 1999, alikuwa ameanza mechi 11 tu katika Chuo Kikuu cha Oregon. Mitchell Trubisky, chaguo la pili mwaka 2017, alikuwa ameanza mechi 13 katika North Carolina, na Anthony Richardson, chaguo la nne mwaka 2023, alikuwa ameanza 13 pia katika Florida. Uchache wa mechi haumaanishi kwamba kijana hana kipaji. Unamaanisha kwamba wewe unayempima una ushahidi mdogo, na yeye mwenyewe amekutana na hali chache za kumfundisha.

Hatua ya 2: Safisha takwimu kabla ya kuziamini

Takwimu za vyuo hazihesabiwi kama za NFL, na asiyelijua hili hupotoka mapema. Katika vyuo, kwotabeki anapoangushwa na mpira mkononi kabla hajarusha, yadi alizopoteza hupunguzwa kwenye hesabu yake ya kukimbia, wakati NFL huziweka kando. Ukiona kijana wa chuo ana yadi chache za kukimbia, usihitimishe kwamba ana miguu mizito mpaka umeziondoa yadi za kuangushwa. Vivyo hivyo, alama ya jumla ya urushaji ina kanuni mbili tofauti: ya NFL ina kikomo cha 158.3, ilhali ya vyuo haina kikomo hicho na kwa kawaida hutoa namba kubwa zaidi. Kuzilinganisha moja kwa moja ni sawa na kulinganisha bei za sokoni Kariakoo na za Nairobi bila kubadilisha fedha.

Kisha tazama asilimia ya pasi zilizofika, lakini ujiulize zilirushwa wapi. Mifumo mingi ya vyuo ina pasi fupi zinazotupwa kwa mpokeaji aliye nyuma ya mstari wa kuanzia, na karibu kila mtu anaweza kuzifikisha. Ukipata takwimu zilizogawanywa kwa umbali, zitazame zaidi zile za yadi 10 hadi 20, hasa katikati ya uwanja ambako ulinzi umejaa. Usipozipata, utazihesabu mwenyewe katika hatua inayofuata, na kazi hiyo haichoshi kama inavyosikika.

Mwisho, gawanya takwimu kwa hali ya mchezo. Jaribio la tatu likiwa na yadi saba au zaidi za kwenda ndiyo hali inayofanana zaidi na kazi ya NFL, kwa sababu kila mtu uwanjani anajua kwamba pasi inakuja. Yadi alizokusanya timu yake ikiongoza kwa pointi 30 zisikushughulishe.

Hatua ya 3: Chagua mechi nne, moja wapo iwe ngumu kabisa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasikimbilie vipande vya matukio bora. Vipande hivyo huondoa kila kitu unachohitaji kukiona: pasi alizoacha kurusha, mpokeaji aliyekuwa wazi naye hakumwona, na jaribio aliloliokoa kwa kuutupa mpira nje ya uwanja.

Chagua mechi nne nzima. Ya kwanza iwe dhidi ya ulinzi bora zaidi aliokutana nao. Ya pili iwe mechi aliyocheza vibaya kuliko zote. Ya tatu iwe ile ambayo timu yake ilikuwa nyuma katika robo ya mwisho, na ya nne iwe ya mwisho wa msimu ili uone alivyokua tangu Septemba. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi na unapenda kuzifuata moja kwa moja, mechi ya Jumamosi inayoanza saa sita mchana kwa saa za New York huanza saa moja jioni kwenu mwezi Septemba, na saa mbili usiku baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba.

Mfano mzuri wa thamani ya mechi ngumu ni C.J. Stroud wa Ohio State. Kwa misimu miwili shaka kubwa juu yake ilikuwa kwamba hakuwa amelazimika kutoka nje ya boma lake, maana walinzi wake walikuwa bora kuliko karibu wote waliokutana nao. Tarehe 31 Desemba 2022 alikutana na Georgia, waliokuwa mabingwa watetezi na ambao walitwaa ubingwa tena siku chache baadaye. Timu yake ilishindwa kwa 42 kwa 41, lakini yeye alirusha yadi 348 na tachidauni nne, mara nyingi akiwa anakimbizwa na akirusha huku anasogea. Aliyetazama mechi hiyo peke yake alijifunza mengi kuliko aliyesoma takwimu za msimu mzima. Houston Texans walimchagua wa pili mwaka 2023, na katika msimu wake wa kwanza alirusha tachidauni 23 akanaswa mara tano tu.

Unapotazama, rudia kila jaribio la pasi mara mbili. Mara ya kwanza fuata mpira kama mtazamaji wa kawaida. Mara ya pili uache mpira, umtazame kijana mwenyewe kuanzia shingoni hadi miguuni. Kabla mpira haujaanzishwa, je, anawatazama walinzi wa nyuma kabisa wa wapinzani na kubadilisha mpango, au anasubiri ishara kutoka kwa benchi? Baada ya kuupokea, kofia yake inageuka kutoka kwa mpokeaji wa kwanza kwenda kwa wa pili na wa tatu, au inabaki inamkodolea mmoja tangu mwanzo? Miguu yake inafuata macho, yaani kila anapogeuza kichwa nayo inajipanga upya kuelekea huko, au anageuka kiuno huku miguu imesahaulika? Matangazo ya televisheni huwa yanawaacha wapokeaji nje ya picha, na ndiyo maana marudio yanayoonyeshwa kutoka nyuma ya kwotabeki ni dhahabu: simamisha picha hapo, uone nani alikuwa wazi wakati anaamua.

Shika saa pia. Hesabu muda tangu mpira unapoanzishwa hadi unapotoka mkononi. Katika NFL boma zuri humpa kwotabeki takriban sekunde mbili na nusu kabla halijaanza kubomoka. Kijana ambaye mafanikio yake mengi yalikuja baada ya sekunde nne alikuwa anaishi kwa muda aliopewa na walinzi wake.

Hatua ya 4: Hesabu anachofanya anaposhinikizwa

Kama ningeruhusiwa kubaki na kipimo kimoja tu, ningebaki na hiki. Katika mechi zako nne, weka alama kila mara mpinzani anapomkaribia kwotabeki kiasi cha kumfanya asogee, aharakishe au agongwe. Kisha weka alama ya pili kila shinikizo linapoishia kwa yeye kuangushwa na mpira. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Tuseme umepata shinikizo 40 na ameangushwa mara sita: hiyo ni asilimia 15, na ni ishara njema. Ikiwa ameangushwa mara kumi au zaidi, yaani robo ya shinikizo zote, una sababu ya kuwa na wasiwasi hata kama takwimu zake nyingine zinang’aa.

Kipimo hiki kina nguvu kwa sababu tabia ya kuangushwa husafiri na mtu. Watu hudhani kuangushwa ni kosa la walinzi, na mara nyingi ni kweli kwamba shinikizo huanzia kwao, lakini kinachotokea baada ya shinikizo hutegemea zaidi jinsi kwotabeki anavyolihisi na anavyoamua haraka. Manning hakuwa na kasi ya miguu, lakini katika maisha yake yote ya NFL aliangushwa mara chache, kwa kuwa alijua mpira uende wapi kabla mpinzani hajafika. Kwa upande mwingine, Justin Fields alitoka Ohio State akiwa na kipaji kikubwa cha kukimbia na mazoea ya kuushikilia mpira kwa muda mrefu. Mwaka 2022 akiwa na Chicago Bears alikimbia yadi 1,143, ambazo ni nyingi mno kwa kwotabeki, na katika msimu huo huo aliangushwa mara 55.

Haki inanitaka niongeze kwamba ipo timu inayoweza kumharibu yeyote. David Carr, chaguo la kwanza mwaka 2002, aliangushwa mara 76 katika msimu wake wa kwanza na Houston Texans, timu iliyokuwa imeanza kucheza mwaka huo huo, na hiyo imebaki kuwa rekodi ya ligi. Kwa hiyo usihesabu kuangushwa kulikotokea kabla hajamaliza kurudi nyuma na kutazama mbele, kwa maana hapo hakuwa na uamuzi wa kufanya.

Unapoziandika alama hizi, ongeza safu ya tatu ya macho yake. Wapo vijana ambao shinikizo likija macho hushuka kwa yule anayewakimbiza, na wapo ambao macho hubaki juu, kwa wapokeaji, huku miguu ikijitafutia nafasi ya hatua moja kushoto au mbele. Tofauti hii huonekana wazi kwenye picha, na nimeiona ikitabiri vizuri kuliko kasi, kimo au nguvu ya mkono.

Hatua ya 5: Pima urushaji, usichanganye nguvu na ulengaji

Nguvu ya mkono ndiyo inayovutia macho kwanza, na ndiyo iliyowapoteza wengi. JaMarcus Russell wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU) alikuwa na mkono ambao watu waliusimulia kwa mshangao, Oakland Raiders wakamfanya chaguo la kwanza mwaka 2007, na baada ya misimu mitatu wakamwacha. Nguvu inahitajika kwa kiwango fulani, na juu ya kiwango hicho faida yake hupungua. Ili kukijua kiwango hicho, tumia vipimo vya uwanja wenyewe. Alama za ndani za uwanja wa vyuo, ambazo mpira huwekwa kati yake, zimeachana kwa futi 40, wakati za NFL zimeachana kwa futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo katika vyuo mpira mara nyingi huanzia pembeni zaidi, na pasi ya kuvuka kwenda upande wa mbali huwa ndefu kuliko itakavyokuwa NFL. Tafuta pasi za namna hiyo zilizoenda yadi 12 au 15 mbele hadi karibu na mstari wa pembeni. Kijana anayezirusha bila mpira kupanda juu na kuelea ana mkono wa kutosha, na hoja hiyo imekwisha.

Ulengaji hauishii katika kuufikisha mpira. Mpira uliofika nyuma ya bega la mpokeaji anayekimbia umefika, lakini umemsimamisha, na yadi alizokuwa akizipata baada ya kuushika zimepotea. Weka alama kwa kila pasi: je, mpokeaji aliendelea na mwendo wake, au alilazimika kuinama, kuruka au kugeuka? Pia utazame kama mpira ulikwenda upande ambao mlinzi hawezi kuufikia.

Kwa miaka mingi kanuni iliyokubalika ilikuwa kwamba asiyelenga chuoni hatalenga NFL. Josh Allen aliitikisa kanuni hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Wyoming pasi zake zilifika kwa asilimia 56 katika misimu yake yote miwili akiwa mwanzaji, na katika msimu wake wa kwanza na Buffalo Bills, mwaka 2018, alipata 52.8. Mwaka 2019 akapata 58.8, na mwaka 2020, baada ya kazi ndefu ya kurekebisha mwili wake wakati wa kurusha na baada ya mpokeaji Stefon Diggs kuwasili, akapata 69.2. Baadaye alitajwa mchezaji bora wa ligi kwa msimu wa 2024. Mimi bado naishika kanuni ya zamani. Allen anaonyesha kwamba kosa la ulengaji linaweza kutokana na miguu na mwili uliojipanga vibaya, ambavyo hufundishika, kwa hiyo tazama kama pasi zinapotea hata miguu ikiwa imetulia. Zikipotea hivyo, tiba yake ni ngumu zaidi.

Hatua ya 6: Elewa mfumo aliochezea, bila kumhukumu kwa mfumo huo

Jiulize aliombwa afanye nini. Katika vyuo vingi kocha hutazama ulinzi kutoka kando ya uwanja na kutuma mpango kwa ishara, kwotabeki akiutekeleza tu. Katika NFL hupewa mpango kwa redio iliyo ndani ya kofia, utaratibu ulioanza mwaka 1994, na redio hukatwa sekunde 15 zikibaki kabla ya muda wa kuanzisha mpira kwisha. Baada ya hapo yuko peke yake. Vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kutumia redio kama hiyo kuanzia 2024, jambo lililopunguza pengo kidogo.

Kuna pia kanuni za uwanjani zinazorahisisha mambo chuoni. Walinzi wa mbele wa timu inayoshambulia wanaruhusiwa kwenda yadi tatu mbele kabla pasi haijarushwa, wakati NFL inawaruhusu yadi moja tu. Yadi hizo mbili ndizo zinazoipa uhai mipango ya vyuo ambayo kwotabeki husoma mlinzi mmoja tu, kisha akachagua kati ya kumpa mkimbiaji na kurusha pasi ya haraka. Zihesabu pasi hizo na uziweke kando.

Lakini usitoke hapo ukamdharau kijana kwa sababu ya mahali alipotoka. Patrick Mahomes alitoka Texas Tech, kwenye mfumo wa pasi nyingi ambao kwa miaka ulisemwa kwamba hautoi makwotabeki wa NFL. Kansas City Chiefs walipanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10 ili wamchukue mwaka 2017, na katika msimu wake wa kwanza akiwa mwanzaji, 2018, alirusha tachidauni 50 na kutwaa tuzo ya mchezaji bora. Mfumo ulimficha kwa waliotazama mfumo. Waliomtazama yeye, alivyouona uwanja mpango ulipovurugika, waliona kilicho chake.

Hatua ya 7: Ondoa mchango wa wenzake

Andika majina ya wapokeaji na walinzi wake walioteuliwa na NFL, kisha utafute mechi ambazo baadhi yao hawakucheza. Joe Burrow wa LSU alikuwa na tachidauni 60 mwaka 2019 na asilimia 76.3 ya pasi zilizofika, baada ya kupata tachidauni 16 na asilimia 57.8 mwaka uliotangulia. Miongoni mwa wapokeaji wake walikuwamo Ja’Marr Chase na Justin Jefferson, na mfumo ulikuwa umebadilishwa. Shaka ilikuwa halali. Kilichomtetea kilikuwa kwenye picha: alipokimbizwa macho yake yalibaki juu, na alirusha kwenye nafasi finyu kwa wakati wake, kabla mpokeaji hajageuka. Hivyo havikuazimwa kwa mtu.

Hatua ya 8: Vipimo vya mwili vichukue dakika chache

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, vijana hukusanyika Indianapolis kupimwa kimo, mikono, kasi na afya. Kinachonishughulisha hapo ni majeraha na uzito. Kimo kilipewa uzito mkubwa mno zamani: Drew Brees mwenye futi sita alisubiri hadi chaguo la 32 mwaka 2001, na Russell Wilson, mfupi zaidi, hadi la 75 mwaka 2012, na wote wawili walishinda Super Bowl, fainali ya NFL. Tom Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo wa polepole sana, akachaguliwa wa 199 mwaka 2000, akashinda Super Bowl saba. Mtihani wa maandishi wa maswali 50 kwa dakika 12, uliotumika kwa miongo mingi, uliachwa mwaka 2022, na sioni sababu ya kuulilia.

Hatua ya 9: Tabia ipimwe kwa matendo

Maneno ya mahojiano hupangwa, kwa hiyo tafuta matendo. Alipopoteza nafasi yake alifanya nini? Brady alilazimika kugawana nafasi na kijana mwingine katika Michigan mwaka 1999, akaimaliza safari yake kwa kuitoa timu nyuma mara kwa mara dhidi ya Alabama, katika mechi waliyoshinda kwa 35 kwa 34 baada ya muda wa nyongeza. Brock Purdy alikuwa mwanzaji wa Iowa State kwa misimu minne, akaona karibu kila aina ya ulinzi, akachaguliwa wa mwisho kabisa, wa 262, mwaka 2022, na kufikia Februari 2024 alikuwa ameianza Super Bowl na San Francisco 49ers. Tazama pia kosa moja linavyofuatwa: baada ya pasi kunaswa, je, jaribio linalofuata anarusha kwa ujasiri ule ule, au anajificha katika pasi fupi kwa robo nzima?

Hatua ya 10: Usifunge hukumu kabla ya kujua timu iliyomchagua

Karatasi yako inapokuwa imejaa, acha nafasi ya mwisho wazi hadi uteuzi umalizike mwishoni mwa Aprili. Makwotabeki watano wa raundi ya kwanza ya 2018 wanaeleza sababu. Sam Darnold alionekana ameshindwa akiwa New York Jets, kisha mwaka 2024 akaiongoza Minnesota Vikings kushinda mechi 14. Baker Mayfield aliachwa na Cleveland Browns waliomfanya chaguo la kwanza, akajijenga upya Tampa Bay. Josh Rosen alipewa msimu mmoja tu Arizona, kocha akafukuzwa, timu ikamchagua kwotabeki mwingine mwaka uliofuata. Lamar Jackson, ambaye wapo waliosema hadharani ahamie nafasi ya mpokeaji, aliangukia nafasi ya 32 na Baltimore Ravens, timu iliyoujenga ushambuliaji wote kumzunguka, na mwaka 2019 alikuwa mchezaji bora kwa kura zote. Allen, wa tano wao, tumekwisha mwona.

Kwa hiyo uliza maswali manne kuhusu timu: walinzi wa mbele wakoje, kocha wa ushambuliaji ana uhakika wa kubaki miaka miwili, mfumo unafanana na anachokifanya vizuri, na je, yupo kwotabeki mkongwe wa kumruhusu asubiri? Aaron Rodgers alikaa misimu mitatu nyuma ya Brett Favre, na Mahomes alikaa karibu msimu mzima nyuma ya Alex Smith. Kijana uliyemwona wa wastani akipata majibu mazuri kwa maswali yote manne, mpandishe. Uliyemwona bora akipata majibu mabaya, mshushe, ingawa itakuuma.

Hatua ya 11: Andika hukumu kwa namba, uiwekee tarehe

Usiandike “atafaulu” au “hatafaulu”. Andika nafasi unayompa kwa asilimia, na chini yake sentensi mbili: nini kilikushawishi zaidi, na nini kikitokea utajua kwamba ulikosea. Hata kijana bora niliyewahi kumpima sikumpa zaidi ya asilimia 70, maana makwotabeki wengi wanaochaguliwa katika raundi ya kwanza hawafikii mkataba wa pili wakiwa waanzaji katika timu iliyowachagua. Kisha iweke karatasi mahali utakapoipata mkataba wake wa kwanza utakapokwisha.

Katika msimu wa kwanza usiyatazame matokeo ya mechi wala pasi zilizonaswa, bali rudia zile alama za shinikizo, macho na miguu. Mwaka 1998 Leaf alinaswa mara 15 akarusha tachidauni mbili tu. Manning naye alinaswa mara 28, rekodi ya mchezaji mpya, na Colts wakashinda mechi tatu na kupoteza 13. Aliyehesabu makosa peke yake aliona vijana wawili wanaozama. Aliyetazama namna makosa yale yalivyofanyika aliona kwamba Manning alirusha pia tachidauni 26, na kwamba aliendelea kurusha kwa mpokeaji sahihi katika ligi ambayo bado alikuwa anajifunza kasi yake. Mwaka uliofuata Colts walishinda mechi 13 na kupoteza tatu.